Hoki ya magurudumu si kimbilio la walioshindwa barafuni

Imezoeleka kusemwa kwamba mchezaji wa hoki wa kulipwa anayeshuka kutoka barafuni kwenda kwenye viatu vya magurudumu amekwisha. Si kweli, na kauli hiyo inawaonea wachezaji wengi.

Tazama kalenda. Ligi ya Roller Hockey International, iliyoanza Marekani na Kanada mwaka 1993, ilichezwa kiangazi, ligi za barafuni zikiwa mapumzikoni. Mchezaji alimaliza msimu mmoja akaingia mwingine, na mshahara ukaendelea. Kipa Manon Rhéaume, mwanamke wa kwanza kucheza mechi ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni Amerika Kaskazini, ingawa ilikuwa ya kirafiki, mwaka 1992, alidaka kwenye ligi hiyo ya magurudumu pia.

Wala si mchezo uleule uliobadilishiwa viatu. Barafuni kila timu ina wachezaji 5 na kipa. Kwenye magurudumu kwa kawaida ni 4 na kipa, kuotea hakuna, na kumgonga mpinzani kwa mwili hakuruhusiwi. Nafasi inakuwa kubwa, hivyo pasi na subira hushinda nguvu.

Kisha kuna kusimama. Barafuni mchezaji hugeuza miguu ubavu, ukingo wa chuma wa kiatu ukakwangua barafu hadi vumbi jeupe likaruka. Gurudumu halikwangui chochote: linang’ang’ania sakafu, na asiyejua kuliburuza kwa pembe sahihi huanguka, hata kama ana miaka kumi barafuni. Ni ufundi wa kujifunza upya, nami nauheshimu sana.