Je, wajua kwa nini Samsoni wa mtunzi wa muziki Handel aliimba sauti ya tatu?

Ukiimba kwaya unaijua sauti ya tatu, yaani tena: soprano anabeba wimbo, tena anajaza katikati. Kwenye opera, yaani michezo ya jukwaani inayoimbwa, za London miaka ya 1730 ilikuwa vivyo hivyo, na hata vibaya zaidi. Shujaa, awe mfalme au jemadari, kwa kawaida aliimbwa na towashi kutoka Italia, mwanamume aliyehasiwa utotoni ili sauti isivunjike: ikabaki juu kama ya mtoto, ikisukumwa na mapafu ya mtu mzima. Watu wa tena waliachiwa nafasi za pembeni.

John Beard, mwimbaji wa tena Mwingereza, alianzia hukohuko pembeni. Alilelewa katika kwaya ya kanisa la mfalme, Chapel Royal, chini ya mwalimu Bernard Gates. Sauti ilipovunjika aliaga kwaya mwishoni mwa Oktoba 1734, na Novemba hiyohiyo, hajafika hata miaka 20, alikuwa kwenye jukwaa la Covent Garden, ukumbi wa maonyesho wa London, katika opera ya George Frideric Handel. Mwaka uliofuata aliimba katika Ariodante na Alcina, lakini ushujaa bado ulikuwa wa towashi Carestini.

Kilichobadilisha mambo ni lugha. Handel aliacha opera za Kiitaliano mwaka 1741, akashika oratorio: visa vya Biblia vinavyoimbwa kwa Kiingereza, bila maleba wala kuigiza. Sasa msikilizaji alitaka kila neno limfikie, na Beard alikuwa akiimba lugha ya mama yake. Februari 1743 akawa Samsoni katika oratorio iitwayo Samson. Baadaye akawa Yuda Makabayo, kisha Yeftha.

Kuna wimbo mmoja ndani ya Samson ambao kwangu mimi ndio kilele cha maisha yake. Samsoni, macho yameshang'olewa, analia kwamba hana jua wala mwezi, giza tupu saa sita mchana. Miaka ilipita, Handel naye akapofuka. Inasimuliwa kwamba Beard alipouimba wimbo huo, mzee ameketi kando ya kinanda hapo hapo mbele ya watu, wengi ukumbini walitokwa na machozi.

Mwaka 1761 baba mkwe wake, John Rich, alifariki, na Beard akachukua uendeshaji wa Covent Garden. Aliacha kazi mwaka 1767. Sauti haikuwa tatizo. Masikio ndiyo yaliyokuwa yakiziba.