Anza na Mlango, Miiba Itafuata

Wanafunzi wa palinolojia, elimu ya chavua na visukuku vingine vidogo vya kuonekana kwa hadubini, wakinitumia picha ya sisti ya dinoflajeleti, swali huwa karibu lile lile: hii yenye miiba inaitwaje? Nami huwarudishia swali: mlango wake uko wapi?

Dinoflajeleti ni kiumbe cha seli moja kinachoogelea kwa mijeledi miwili, mmoja umezunguka kiunoni, mwingine umeelekea nyuma. Baadhi ya spishi, katika mzunguko wao wa uzazi, hujifungia ndani ya ganda gumu na kutulia kwenye matope. Ganda hilo ndilo sisti. Limeumbwa kwa dinosporini, dutu sugu kiasi kwamba tunayeyusha mwamba kwa asidi haidrokloriki, kisha haidrofluoriki (hiyo ya pili haina mzaha hata tone), na sisti zinabaki. Nyingi zina mikromita 20 hadi 150. Hali ikiruhusu, kiumbe hufungua ganda na kwenda zake. Uwazi unaobaki ndio arkiopaili, mlango ninaouulizia.

Christian Gottfried Ehrenberg aliziona kwenye mawe ya gumegume tangu miaka ya 1830, akaziingiza katika Xanthidium, jenasi ya mwani wa maji baridi. Kwa zaidi ya karne moja baadaye miiba ndiyo iliyotawala: chochote cha duara chenye miiba kiliitwa histrikosfea, basi. Mwaka 1961 William Evitt akaonyesha kwamba matundu yale hayakutokana na ganda kuvunjika ovyo. Yana umbo na mahali maalumu, na yanalingana na mabamba yanayofunika mwili wa dinoflajeleti walio hai. Visukuku ambavyo asili yake haikujulikana, alivipa kundi lake mwaka 1963, akritaki. Kisha David Wall na Barrie Dale wakatotoa sisti hai maabara, wakajionea wenyewe nani anatoka ndani.

Mlango ukishaupata, umepata dira. Katika sisti nyingi za jamii ya Gonyaulax limeondoka bamba moja, la tatu katika safu iliyo juu ya mshipi wa kiunoni, na hilo hukaa katikati ya mgongo. Kwa hiyo ukiona tundu hilo unajua mgongo uko wapi, na tumbo, kulia na kushoto vinajipanga. Jamii ya Peridinium mara nyingi hufungulia bamba la kati lililo juu zaidi, nalo pia liko mgongoni. Nyingine hupoteza kichwa chote. Hapo usiishie kuandika “kichwa hakipo”, kagua ukingo. Ukiwa na pembe za zigizaga, kila pembe inakuonyesha mpaka wa bamba, na kijipengo kimoja kinakuonyesha upande wa tumbo.

Halafu ndipo tuje kwenye miiba. Cha kuuliza kwanza ni inaota wapi, urefu baadaye. Spiniferites na Operculodinium zote ni za duara, zote zina miiba, na zote zimefungua bamba lile lile la mgongoni. Lakini miiba ya Spiniferites husimama kwenye makutano ya mabamba, mingi ikiwa na ncha iliyogawanyika mara tatu, na vijukuta vyembamba vinafuata mipaka. Ya Operculodinium imetawanyika juu ya ganda bila kufuata mabamba. Mabamba yenyewe tunayahesabu kwa mfumo wa Charles Kofoid wa mwanzoni mwa karne ya 20, safu kwa safu kutoka kichwani hadi mkiani.

Urefu wa miiba siuamini. Lingulodinium machaerophorum, ambayo ipo hadi leo, huota miiba mifupi penye chumvi kidogo, kama Bahari Nyeusi na Baltiki. Kumpa kila mwenye miiba mifupi jina jipya ni kuipa chumvi ya maji jina la spishi. Na huyu huyu hufungua bamba moja au kadhaa, kwa hiyo hata mlango usome kwenye sisti nyingi, si moja.

Jambo linalowachanganya wengi ni fokasi ya hadubini. Ganda linapitisha mwanga, hivyo ukishusha lenzi unaona upande wa chini ukiwa umegeuka, kama kusoma maandishi ya fulana kutoka ndani. Andika kwenye kila picha kama ni fokasi ya juu au ya chini. Maelezo yasiyosema hivyo mimi huyapitia kwa mashaka.

Majina yana utata wake: sisti na kiumbe kinachoogelea vinaweza kuwa na majina mawili halali. Operculodinium centrocarpum ni sisti ya Protoceratium reticulatum. Jina jipya la kisukuku linahitaji holotaipu, kielelezo kimoja kwenye slaidi iliyohifadhiwa, na mahali kilipo kwenye kioo paandikwe. Toa vipimo vya chini, wastani na vya juu, pamoja na idadi uliyopima. Kama una viwili tu vilivyokunjamana, andika “sp. A”, yaani spishi ambayo bado haijapewa jina, uendelee.

Kazi hii ina faida hata kwa wanaopenda mifupa mikubwa. Tendaguru, mkoani Lindi, tabaka zenye dinosauri zinapishana na tabaka za bahari. Eckart Schrank alichapisha mwaka 2005 sisti kutoka tabaka hizo, za Jurasiki ya mwisho hadi Kretasia ya mwanzo. Mfupa wa Giraffatitan, dinosauri mkubwa wa huko, haukuambii umri wa mwamba kwa urahisi. Sisti za tabaka la bahari lililo juu au chini yake husaidia kuupata.