Utofauti wa neva: maana yake mtoto anapokuwa darasani

"Fungeni vitabu, toeni madaftari ya hesabu, andikeni tarehe, halafu fanyeni swali la 3 mpaka la 7." Mwalimu amesema yote kwa pumzi moja. Darasa linainama na kuanza kazi. Mtoto mmoja amefunga kitabu, basi. Anachungulia huku na huku kuona wenzake wameshika nini. Punde ataulizwa: "Wewe, masikio umeyaacha wapi?"

Masikio anayo, na alisikia yote manne. Ila ile sehemu ya akili inayoshikilia jambo wakati unalifanyia kazi ilibeba la kwanza, na mengine yakamwagika njiani. Mtoto huyu anaweza kuwa mmoja wa wale wanaoitwa wenye utofauti wa neva: watoto ambao ubongo wao hupokea, hupanga na hutoa mambo kwa njia isiyofanana na ya walio wengi. Humo mna usonji, ambao wengine huuita tawahudi, unaogusa namna mtu anavyowasiliana na wenzake na anavyozipokea hisi. Mna ADHD, yaani umakini unaotawanyika na mara nyingi mwili usiotulia. Mna disleksia, ugumu wa kusoma na kutahajia. Mna diskalkulia kwa upande wa namba, dispraksia kwa upande wa kuratibu mwili, na hali ya Tourette, ambapo mwili hushtuka au sauti hutoka bila mtu kukusudia. Aghalabu mtoto mmoja huwa na mbili au zaidi kwa pamoja.

Wazo lenyewe si la zamani. Lilichipuka miaka ya 1990 katika mijadala ya watu wenye usonji kwenye intaneti, na Judy Singer, mwanasosholojia wa Australia, akaliandikia tasnifu mwaka 1998. Walichotaka kusema ni kwamba bongo za binadamu hazifanani, kama vile vimo visivyofanana, na kwamba aliye mbali na wastani si lazima awe kitu kilichoharibika. Nakubaliana nao, ila sipendi inapogeuzwa kuwa sukari. Si kila mtoto wa namna hii ana kipaji kilichojificha. Wapo wasiozungumza kabisa, na wapo watakaohitaji mtu karibu yao maisha yote. Kumsifia mzazi wa mtoto kama huyo kwamba amezaa "jiniasi" ni kumkimbia tu.

Shule za kawaida zinaingiaje hapa? Mwaka 1994 wawakilishi wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakatamka kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, ukakaza zaidi: kumnyima mtu marekebisho yanayofaa, yasiyo mzigo uliopita kiasi, ni ubaguzi. Neno la kushika ni hilo, marekebisho. Mtoto aliyesajiliwa, akapewa dawati na kuachwa kama alivyo, amechanganywa na wenzake, hajajumuishwa.

Chukua kazi inayoonekana ndogo kuliko zote, kunakili ubaoni. Mtoto mwenye disleksia anainua macho, anashika maneno mawili, anashuka daftarini. La pili limepotea, au herufi zake zimeruka nafasi. Anapanda tena kulitafuta, lakini sasa hajui alikuwa mstari wa ngapi. Wenzake wakiwa aya ya tatu, yeye yuko kwenye kichwa cha habari. Kisha ubao unafutwa. Jioni daftari lina nusu ukurasa, na ripoti inasema "mvivu". Amefanya kazi kuliko wote, na somo lenyewe, tuseme jinsi mvua inavyotokea, hajalisikia hata kidogo kwa sababu alikuwa anawinda herufi. Karatasi moja yenye maelezo hayo, akiwekewa mezani mapema, ingemrudisha kwenye mvua.

Hapa ndipo watu husema "upendeleo". Mimi hujiuliza swali moja tu: kazi hii inapima nini? Kwenye imla, kumtajia mtoto herufi ni kumfanyia kazi, maana kinachopimwa ni tahajia. Kwenye historia, kumsomea swali hakumpi jibu. Tukigoma kumsomea tunapima kusoma kwake halafu tunaandika alama kwenye safu ya historia.

Kwa mtoto mwenye usonji, ugumu mara nyingi uko hewani: viti vinavyoburuzwa, taa inayopepesa, harufu ya rangi mpya, lebo ya shati inayokwaruza shingo. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliingiza hisi kali au hafifu mno kati ya vigezo vya kutambua usonji, jambo ambalo wenye nao walikuwa wakilisema siku zote. Hata "nitazame ninapozungumza nawe" inaweza kumgharimu: kwa baadhi yao, kutazama machoni kunakula nguvu ileile ya kusikiliza. Anayetazama dirishani huenda ndiye anayekusikia vizuri.

Akizidiwa anaweza kulipuka, akapiga kelele au kujificha chini ya meza. Deko ni kitu kingine. Anayedeka huwa anataka kitu, na mara nyingi akikipata ananyamaza. Aliyezidiwa hata umpe nini hakipokei. Maneno yapungue, aende mahali penye utulivu. Maswali ya "kwa nini umefanya hivi?" yangoje.

Si lazima kungoja karatasi ya daktari kwa haya yote. Dawa za ADHD zipo, na hizo ni za daktari na mzazi kuamua. Kuandika maagizo yale manne pembeni mwa ubao, moja chini ya jingine, hakuhitaji kibali cha mtu. Mwalimu akifanya hivyo atashangaa ni wangapi wanaochungulia hapo, hata wale waliodhaniwa hawana shida.

Wagumu kuonekana kuliko wote ni wale wanaojikaza. Anakaa kimya, anaiga wenzake wanavyocheka, anamaliza siku bila kosa. Wasichana wengi hupitwa hivi. Akifika nyumbani tu anaangua kilio kwa sababu ya soksi. Mzazi akienda kulalamika anajibiwa: "Huku hana tatizo lolote." Wote wawili wanasema kweli, kila mmoja ana nusu yake ya siku.

Ndiyo maana naona daftari dogo linalokwenda na kurudi kati ya nyumbani na shule lina thamani kuliko vikao virefu, mradi liandike kilichotangulia na lisiwe orodha ya makosa. "Leo alikuwa mkorofi" haimsaidii mtu. "Kengele ililia mara mbili mfululizo, akaziba masikio, akakimbia nje" inasaidia. Na chini yake, kwa mwandiko mwingine: "Mwalimu, hata huku blenda ikiwashwa hufanya hivyo hivyo."