Je, wajua kwa nini oksijeni huachia elektroni kwa wepesi kuliko naitrojeni?

Atomu yoyote inaweza kupokonywa elektroni, mradi ipatiwe nishati ya kutosha. Kiasi cha chini kabisa kinachotosha kuing'oa elektroni iliyoshikwa kwa ulegevu kuliko zote, atomu ikiwa katika hali ya gesi, huitwa nishati ya kwanza ya uayonishaji, nacho hupimwa kwa kilojuli kwa moli.

Wanafunzi hufundishwa kwamba nishati hii huongezeka tunapovuka jedwali la elementi kutoka kushoto kwenda kulia. Sababu yake ni ya msingi: kila hatua huongeza protoni moja katika kiini, ilhali elektroni mpya huingia katika tabaka lilelile la nje, ambamo elektroni hazikingani vya kutosha dhidi ya mvuto wa kiini. Mvuto unazidi, atomu inasinyaa, na elektroni za nje zinashikwa kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana lithiamu huhitaji kilojuli 520 tu, na neoni, iliyo mwisho wa periodi hiyohiyo (yaani safu mlalo ya jedwali), huhitaji 2081.

Hata hivyo, tukizisoma namba zote za periodi ya pili kwa mfuatano, yaani lithiamu 520, beriliamu 900, boroni 801, kaboni 1086, naitrojeni 1402, oksijeni 1314, florini 1681 na neoni 2081, tunakuta kwamba mara mbili namba inashuka mahali ilipotarajiwa kupanda. Kwa maoni yangu, miteremko hiyo miwili hutufundisha mengi kuliko mpando wote uliobaki, kwa kuwa ndiyo inayotuonyesha jinsi elektroni zilivyopangwa ndani ya tabaka moja.

Mteremko wa kwanza, kati ya beriliamu na boroni, unatokana na tabaka la pili kugawanyika katika matabaka madogo, 2s na 2p. Elektroni mbili za nje za beriliamu zimo katika 2s, ambayo hupenya hadi karibu zaidi na kiini. Elektroni ya tano ya boroni haina nafasi humo, hivyo huingia katika 2p, yenye nishati ya juu zaidi na inayokingwa kwa kiasi na zile za 2s. Protoni iliyoongezeka haitoshi kufidia tofauti hiyo.

Mteremko wa pili ndio unaojibu swali letu. Tabaka dogo la 2p lina obitali tatu, yaani maeneo matatu ambamo elektroni huweza kupatikana, na kila obitali hupokea elektroni mbili tu. Naitrojeni ina elektroni tatu katika 2p, nazo hukaa moja moja, kila moja katika obitali yake, zote zikiwa na mzunguko wa mwelekeo mmoja, mpangilio unaopunguza msukumano baina yao. Oksijeni inapoongeza elektroni ya nne, haipo tena obitali tupu ya kuipokea, na kwa hiyo elektroni mbili hulazimika kushiriki obitali moja. Kwa kuwa zote mbili zina chaji hasi, husukumana, na msukumano huo huifanya mojawapo iwe rahisi zaidi kung'olewa, ingawa kiini cha oksijeni kina protoni nane dhidi ya saba za naitrojeni.

Hali hiyo hujirudia katika periodi ya tatu, ambako magnesiamu ina 738 na alumini 578, kisha fosforasi 1012 na salfa 1000, ijapokuwa pengo hili la mwisho ni dogo.

Tukishuka katika kundi moja, yaani safu wima ya jedwali, elektroni ya nje huwa mbali zaidi na kiini, ikiwa imekingwa na matabaka mengi ya ndani, hivyo nishati hupungua: sodiamu 496, potasiamu 419, seziamu 376. Gesi adimu nazo hufuata njia hiyohiyo, kuanzia neoni 2081, agoni 1521, kriptoni 1351 hadi zenoni 1170.

Namba hiyo ya zenoni iliwahi kubadili kemia. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba gesi adimu haziungani na elementi nyingine. Mwaka 1962, Neil Bartlett, aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, alitambua kwamba heksafloridi ya platinamu, kiwanja cha platinamu na florini, iliweza kuipokonya elektroni molekuli ya oksijeni, ile yenye atomu mbili, ambayo nishati yake ya uayonishaji ilijulikana wakati huo kuwa takriban 1175. Alipolinganisha namba hiyo na ya zenoni, aliona kwamba zenoni ilihitaji hata pungufu kidogo ya hapo. Akachanganya zenoni na mvuke wa heksafloridi ya platinamu, na papo hapo ikatokea yabisi ya rangi ya njano inayoelekea chungwa: gesi adimu ilikuwa imeungana na elementi nyingine.