Unene nyuma ya makali: kwa nini kisu kikali bado kinakwama kwenye karoti

Visu viwili vinaweza kunolewa kwenye kinoo kimoja, vyote vikawa vikali kiasi cha kunyoa vinyweleo vya mkono, lakini ukivipeleka jikoni vikaachana mbali. Kimoja kinashuka kwenye karoti taratibu na kutoa kipande chembamba kinachoonesha mwanga. Kingine kinafika katikati, kinakwama, ukikisukuma karoti inapasuka "ta!" na nusu yake inarukia sakafuni. Makali ni yale yale. Tofauti iko milimita moja hivi juu ya makali, sehemu ambayo wanunuzi wengi hawaitazami kabisa. Watu wa visu huita kipimo hicho unene nyuma ya makali, na kama unataka kisu cha kukata vyembamba, anza nacho kabla ya kuuliza habari ya jina la kampuni au urembo wa mpini.

Kazi ya makali ni kufungua njia tu. Njia ikishafunguka, ubapa mzima lazima upite humo. Nyanya iliyoiva ni laini, inasogea na kuupisha. Karoti, kiazi kitamu, boga na mhogo mbichi havisogei, kwa hiyo ubapa mnene unasukuma pande zote mbili kama kabari ndani ya gogo, na chakula kinapasuka mbele ya makali badala ya kukatwa nayo. Ndiyo maana karoti iliyopasuka hivyo huwa na uso wenye mikwaruzo upande mmoja wa chini, wakati ile iliyokatwa sawasawa huwa nyororo tangu juu.

Kwenye kisu kizuri cha jikoni, unene huo huwa kama milimita 0.2 hadi 0.4, yaani karatasi mbili hadi nne za fotokopi ukizibana pamoja. Kisu cha kambini au cha kazi za porini mara nyingi hufika 0.5 hadi 0.8. Kwa macho ni tofauti ndogo sana, lakini mkono unaihisi kwenye kabichi la kwanza tu.

Kutoka hapo kwenda juu kuna mambo mawili yanayofanya kazi pamoja: unene wa mgongo na upana wa ubapa. Chukua kisu chenye mgongo wa milimita 2 na ubapa wa milimita 45. Kikipunguzwa sawasawa toka mgongoni hadi kwenye makali, pembe yake haifiki hata nyuzi 3. Chukua kingine chenye mgongo wa milimita 4 na ubapa wa milimita 20 tu: pembe inapita nyuzi 11. Hicho cha pili utakiona kigumu na cha kuaminika ukikishika dukani, na ndicho kitakachokutesa ukianza kukata vitunguu vya kachumbari. Kwa mboga, ubapa mpana na mwembamba unashinda.

Dukani huna kifaa cha kupima, lakini jicho linatosha. Kishike kisu mpini ukielekea kwako, ukiinue kwenye mwanga, utazame kisigino chake, pale ubapa unapoishia karibu na mpini. Kwenye visu vingi utaona umbo la ubapa kama pembetatu. Unachotaka ni pembetatu inayokonda bila kusita hadi chini. Ukiona ubapa umebaki mnene, halafu karibu kabisa na makali umekatwa ghafla kwa mteremko mfupi mpana, kiache, hata kama muuzaji anakukatia karatasi hewani nacho. Karatasi haina unene wa kukibana kisu. Haikuoneshi chochote kuhusu karoti.

Chuma nacho kina nafasi yake, ingawa naona kinapewa sifa kuliko kinavyostahili. Visu vingi vya Kijapani vina ugumu wa 60 na zaidi kwenye kipimo cha Rockwell, na hunolewa kwa nyuzi kama 15 kila upande. Vile vya Kijerumani vya mtindo wa zamani huwa karibu na 56, kwa nyuzi kama 20. Chuma kigumu kinavumilia makali membamba bila kujikunja, ila kikigonga mfupa kinamegeka. Kisu cha namna hii usikikatie mifupa ya mbuzi wala usikivunjie nazi. Kazi hizo ni za panga.

Namna unavyokata nayo inahesabika. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionesha kwa kukata jeli laini kwa waya kwamba mwendo wa pembeni, wa kuvuta, unaufanya mpasuko uanze kwa nguvu ndogo kuliko kukandamiza tu. Kila mama anayekata sukuma wiki nyembamba huvuta na kusukuma, hakandamizi. Kwa hiyo urefu unasaidia: ubapa wa sentimita 18 hadi 21 unakupa nafasi ya kuvuta mara moja na kumaliza kipande.

Liko jambo moja ambalo huwashangaza wenye visu vya miaka mingi. Kila unaponoa, chuma kinaliwa na makali yanapanda juu kuelekea sehemu nene ya ubapa. Kisu kilichokuwa kinateleza kikiwa kipya kinaanza kukwama, na ukikinoa zaidi bado kinakwama, kwa sababu tatizo si makali tena. Dawa yake ni kukondesha ubapa: unalaza kisu juu ya kinoo cha maji hadi karibu kikilalie kabisa, unasugua eneo la juu ya makali pande zote mbili hadi likonde, ndipo unanoa makali mapya. Ukimpelekea mnoaji wa gurudumu, mwambie usichotaka ni ule mteremko mfupi mnene, na usiruhusu ncha ya chuma igeuke rangi ya bluu. Bluu hiyo ni dalili kwamba joto limefika karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na kwa chuma cha kaboni hapo ugumu umeshapungua. Makali yatakayotoka yatakuwa butu ndani ya siku chache.