Upumuaji wa Seli: Maana Yake na Tofauti Yake na Kuvuta Hewa

Neno "upumuaji" huwachanganya wanafunzi wengi, kwa sababu katika Kiswahili hubeba mambo mawili. La kwanza ni kuvuta hewa mapafuni na kuitoa. La pili, ambalo ndilo linaloelezwa hapa, ni mlolongo wa mabadiliko ya kikemia yanayotokea ndani ya seli, ambamo chakula huvunjwavunjwa ili nishati iliyomo ipatikane kwa matumizi ya kiumbe. Mnazi hauna mapafu, wala uyoga hauna, lakini seli za vyote viwili hupumua mchana na usiku.

Nishati hiyo, kwa sehemu kubwa, chanzo chake ni jua. Jani hutumia mwanga kuunganisha maji na hewa ukaa kuwa sukari, tendo liitwalo usanisinuru, nasi tunaipata kwa kula mmea au kwa kula mnyama aliyekula mmea.

Katika majira ya baridi ya 1782 na 1783, jijini Paris, wanasayansi Wafaransa Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima barafu iliyoyeyushwa na joto la mwili wake, kisha wakalinganisha joto hilo na lile litolewalo na mkaa unaoungua hadi kutoa hewa ukaa ya kiasi kilekile. Vipimo vilikaribiana, wakahitimisha kwamba kupumua ni kuungua polepole. Hawakuwa mbali na ukweli, ingawa walidhani kuungua huko hufanyika mapafuni.

Hata hivyo, seli si jiko. Mkaa huachia nishati yake kwa joto kali ambalo lingeiua seli papo hapo, ilhali seli huivunja sukari hatua kwa hatua, kila hatua ikisimamiwa na kimeng'enya chake, yaani protini inayoharakisha badiliko hilo la kikemia. Glukosi, sukari ambayo seli huivunja, ni kama noti ya shilingi 10,000 mkononi mwa abiria wa daladala: thamani ipo, ila konda hana chenji. Chenji ya seli ni molekuli iitwayo ATP, na karibu kila kazi, iwe kukunja msuli au kujenga protini, hulipiwa kwa hiyo. Kwanza glukosi hukatwa vipande viwili bila kuhitaji oksijeni, na faida yake ni ATP 2 tu. Vipande hivyo vikiingia kwenye mitokondria, yaani vyumba vidogo ndani ya seli, penye oksijeni, jumla hufikia takribani ATP 30. Sehemu ya nishati isiyonaswa hutoka kama joto, na ndiyo husaidia kuuweka mwili wa binadamu kwenye nyuzi 37 hivi za Selsiasi.

Oksijeni inapokosekana, seli hubaki na zile ATP 2. Tazama kinyunga cha maandazi kilichotiwa hamira na kufunikwa kwa kitambaa: baada ya muda kimeumuka, ukikibonyeza kwa kidole kinanywea, na ukikichana unaona vitundu vilivyoachwa na hewa ukaa, pamoja na harufu hafifu ya kileo. Hamira ni kiumbe hai, na hapo imekuwa ikichachusha sukari kwa sababu hewa ndani ya kinyunga ni haba. Misuli ya mkimbiaji wa mbio fupi nayo huvunja sukari kwa njia ya dharura, lakini badala ya kileo hutoa asidi ya laktiki. Asidi hiyo husingiziwa maumivu ya kesho yake, jambo ambalo si sahihi, kwa kuwa huondoka mwilini ndani ya saa chache. Maumivu hayo huhusishwa zaidi na majeraha madogo ya nyuzi za msuli.

Uchachushaji hutoa nishati kidogo kwa sababu sehemu kubwa hubaki ndani ya kileo chenyewe, na ndiyo maana pombe kali huweza kuwaka moto. Wapo viumbe wanaoijua hazina hiyo. Mgema akiliacha tembo wazi kwa siku kadhaa, bakteria wanaotumia oksijeni huingia na kukigeuza kileo kuwa asidi, wakijichukulia sehemu ya nishati ambayo hamira iliyolichachusha tembo iliiacha, na anachokikuta mgema ni siki.