Je, wajua kwa nini mtindo wa uchoraji wa Tingatinga hauna mwenyewe?

Ukipita Oysterbay, Dar es Salaam, jirani na Morogoro Stores, utawakuta wachoraji wameinamia fremu zao, makopo ya rangi ya mafuta yamepangwa pembeni. Huyu anachora chui. Yule anachora twiga, na jirani yake naye twiga, shingo imepinda vilevile. Mgeni akitazama kwa dakika chache swali humjia lenyewe: kati ya hawa, nani anamwibia mwenzake? Na kama mtindo huu ulianzishwa na mtu anayejulikana kwa jina, mbona warithi wake hawawatozi wengine wote?

Hakuna mwizi hapo, kwa sababu sheria ya hakimiliki hulinda mchoro. Namna ya kuchora hailindi. Ukishalishika hilo, mambo mengi yanayosemwa vijiweni kuhusu kuibiana kazi utayapima upya.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, kusini mwa Tanzania, mwaka 1932. Alikuja Dar es Salaam kutafuta maisha kama vijana wengine, akahangaika na kazi za hapa na pale, na baadaye akaajiriwa hospitali ya Muhimbili. Kuchora alianza mwaka 1968 hivi. Shule ya sanaa hakuiona. Alichukua vipande vya bodi, zile za kufunikia dari, na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, akamchora mnyama mmoja akajaza ubao karibu wote, mistari yake imekatwa wazi, nyuma yake hakuna vurugu. Wageni waliokaa Oysterbay wakanunua. Ndugu na vijana wa kwao wakaja kukaa naye na kujifunza, akina January Linda, Kasper Tedo, Adeusi Mandu, Simon Mpata. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Sasa fikiria sheria ingesema mtindo ni mali yake peke yake. Siku ile ya mazishi wale vijana wangekuwa wameishia hapo, au wangelazimika kuomba ruhusa kila wanapochovya brashi. Badala yake waliendelea, wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 chama cha ushirika kikaanzishwa. Wanyama wakaongezeka, wakaja ndege kwa makundi, samaki wa baharini, soko la kijiji, hospitali, daladala iliyojaa watu hadi mlangoni. Mimi naamini uhuru huo ndio uliolibakiza hai jina la Tingatinga, na kwa hiyo sioni dhuluma yoyote katika mtindo kukosa mwenyewe.

Kwa Tanzania Bara inayotumika ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kazi hulindwa tangu inapoumbwa. Hakuna fomu ya kujaza kwanza wala mhuri wa kugongewa ili haki ianze. Ila sheria hiyohiyo haigusi wazo, mbinu, wala utaratibu wa kufanya jambo. Msimamo huo umo pia katika mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu mali za ubunifu, ulioanza kutumika mwaka 1995. Sababu yake ni rahisi kuelewa. Mbinu zikiwa na mlango na kufuli, anayekuja nyuma hatakuwa na pa kuanzia. Hata muziki wa singeli uko hivyo: spidi ile ya Tandale na Manzese haina mwenyewe, lakini biti aliyoitengeneza prodyuza fulani ni yake, na ukiichukua bila ruhusa umevunja haki yake.

Tuutazame mchoro mmoja kwa karibu. Mchoraji anapaka rangi ya nyuma kwanza, tuseme njano inayofifia kuelekea nyeupe, anaiacha ikauke. Kisha anachora umbo la tausi, analijaza kwa bluu, anaacha tena likauke. Mwisho anashuka kwenye madoa, moja baada ya jingine kwa ncha ya brashi, mpaka mkia unakuwa kama unatikisika. Hatua hizo, rangi hizo na madoa hayo kila mtu anaweza kuvitumia. Kilicho chake ni tausi huyu, aliyegeuza shingo hivi, mkia wake umepita juu ya tawi hili na vifaranga wanne wamejibanza chini kushoto. Ukiupiga picha ukaufuatisha unyoya kwa unyoya, umenakili kazi ya mtu. Ukichora tausi wako kwa rangi na madoa yaleyale, hujamkosea.

Kati ya hizo mbili pana eneo gumu. Twiga wawili na Kilimanjaro nyuma yao wamechorwa na watu wengi kiasi kwamba kumtafuta wa kwanza ni kazi bure. Mgogoro wa namna hiyo ukifika mbele ya sheria, swali huwa ni kama kilichochukuliwa ni ubunifu wa mtu mahususi au ni mambo ya kawaida ya mtindo. Pale kwenye vibanda, wanaofundishana na kula pamoja, nadhani wenyewe wanalimaliza vizuri kuliko wakili yeyote.

Kinachoniuma kiko kwingine. Mtu ananunua mchoro kwa fedha taslimu, hakuna risiti, jina la mchoraji halikuulizwa. Anaondoka nao, anauskani, na baada ya muda tausi yule yuko kwenye fulana, vikombe na kalenda, vinauzwa mbali na Oysterbay na mchoraji hana habari. Mnunuzi ukimuuliza atakwambia, "Niliununua." Ndiyo, alinunua ubao na rangi iliyokaukia juu yake. Haki ya kuchapisha nakala hakuinunua. Hiyo imebaki kwa mchoraji mpaka aitoe mwenyewe, na humlinda maisha yake yote pamoja na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa Tingatinga aliyefariki 1972 kipindi hicho kimeshapita. Kwa kijana anayechora leo, wajukuu zake bado watakuwa na cha kudai.

Wengine hujitetea kwamba ile ni sanaa ya jadi, mali ya wote. Hapana. Sheria ina sehemu yake ya sanaa za jadi, zile zilizopokewa vizazi na vizazi bila mtunzi kujulikana. Mtindo wa Tingatinga una mwanzilishi, una mwaka, na kila mchoro una aliyeuchora na saini yake pembeni. Kuufuta mkono huo kwa kisingizio cha jadi ni unyang'anyi. Na kuna uovu wa upande wa pili: kuchora leo kisha kusaini jina la marehemu ili wakusanyaji walipe bei kubwa. Mtindo uko huru, saini ya mtu haiko huru.

Jina nalo lina njia yake. Mtu au chama kikitaka kulitumia jina kibiashara, kinaweza kuomba kulisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kila miaka 10. Hapo kinacholindwa ni jina sokoni, na bado hakuna anayeweza kuzuiwa kuchora chui.

Kwa mchoraji mwenyewe, kinga huanza kabla mteja hajaondoka na fremu. Piga picha ya kazi yako ikiwa imekamilika na uihifadhi pamoja na tarehe. Andika risiti, hata ya mkono, uweke mstari mmoja: hakimiliki imebaki kwa mchoraji. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, husajili kazi, na ingawa haki yako haitegemei usajili huo, cheti chake ni ushahidi mzuri siku ukikutana na tausi wako kwenye fulana. Na anayetaka kuchapa fulana hizo akae na mchoraji kabla ya kuchapa, waandikishane idadi ya nakala, muda wa matumizi, malipo kwa kila nakala, na mahali ambapo jina la mchoraji litaonekana.